Kikoba, chemba, maonesho au WhatsApp: koneksheni za biashara ndogo uzitafute wapi?

Hakuna mwenye biashara ndogo ambaye hajaambiwa "tafuta koneksheni". Ushauri wenyewe hauna kosa, ila anayeutoa huwa haongezi zinapatikana wapi, kwa gharama gani, na ukishazipata unazifanyia nini. Ndiyo maana unamkuta mtu yuko kwenye vikoba viwili, makundi ya simu hana hesabu nayo, kila Jumamosi ana semina, na mauzo yake ni yaleyale ya mwaka juzi.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo mjasiriamali wa Tanzania anazifikia bila kuomba ruhusa ya mtu: kikoba cha mtaani (kikundi cha kuweka hisa na kukopeshana), chama rasmi cha wafanyabiashara (chemba ni mojawapo), maonesho, na makundi ya WhatsApp. Ili tusiongee hewani, mfano wangu utakuwa mama anayetengeneza siagi ya karanga nyumbani kwake Mbagala. Karanga zake zinatoka Dodoma, makopo anayafuata Kariakoo, alama ya ubora ya TBS bado hajaipata, na wateja wake wakubwa ni maduka manne ya mtaani. Anayeshona sare za shule au anayechomelea mageti abadilishe bidhaa tu, maswali yatabaki hayohayo.

Kabla ya kulinganisha

Swali la kwanza halihusu chama wala kundi, linahusu kinachokukwamisha. Biashara ndogo hukwama kwa mambo ambayo si mengi: mtaji, wateja, malighafi, taarifa (bei imepanda wapi, kanuni gani imebadilika, zabuni ipi imetangazwa), au kukosa wa kukusemea pale unapoonewa. Kila kimoja kina watu wake. Aliyekwama kwa mtaji akipewa namba za simu za wateja mia moja ameongezewa matatizo, maana oda zitakuja na hana cha kuzitengenezea.

Jambo la pili ni umbali wa watu. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter aliwahi kuwauliza wafanyakazi waliopata kazi kupitia mtu ni mara ngapi walikuwa wakionana na mtu huyo. Wengi walijibu kuwa walionana naye mara mojamoja au kwa nadra. Matokeo hayo aliyachapisha 1973, na maelezo yake ni mepesi: watu wako wa karibu wanajua unachokijua wewe, habari mpya inakuja na mtu wa mbali. Kwa biashara zetu ningeongeza upande wa pili: mtu wa mbali analeta habari, lakini wa kukukopesha makopo mia tano bila dhamana ni wa karibu. Njia hizi nne zimegawana kazi hiyo, na hakuna iliyoibeba yote.

Basi kila njia nitaipima kwa mambo haya: watu utakaokutana nao, gharama ya pesa na ya muda, uaminifu unavyojengwa, muda wa kuanza kuona faida, panapouma, na anayefaidika zaidi.

1. Kikoba

*Watu.* Majirani, waumini wenzako, wauzaji wa soko moja. Kikundi cha kawaida kina watu 15 hadi 30, wamegawanywa katika vikundi vya watano watano wanaodhaminiana. Mnajuana hadi majina ya watoto. Hapa angalia mchanganyiko. Kikoba chenye mama lishe, dereva wa daladala, mwalimu na muuza vifungashio kitampeleka mama wa karanga mbali kuliko kikoba cha wasindikaji watupu, ambao wote wanagombea maduka yaleyale manne.

*Gharama.* Hisa za kila wiki, mchango wa mfuko wa jamii, na faini kwa anayechelewa au anayeongea na simu kikaoni. Hela ya hisa si ya kupotea, inarudi na faida yake siku mnapovunja kikoba, yaani mnapogawana fedha mwisho wa mzunguko. Gharama kubwa ni kikao chenyewe: kila wiki, mwaka mzima, na huwezi kutuma mtu.

*Uaminifu.* Hapa kikoba hakina mpinzani. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na anayelilaza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Hela inahesabiwa mezani wote mkiona, hisa zinagongwa muhuri kwenye daftari la kila mmoja, na kabla ya kutawanyika kiasi kilichobaki kinatajwa kwa sauti ili wiki ijayo pasiwe na wa kusema "mimi sikusikia". Kwa kawaida unakopa hadi mara tatu ya hisa zako. Ukilipa vizuri mwaka mzima, kuna watu zaidi ya ishirini waliokuona ukilipa. Mmoja wao akimwambia shemeji yake mwenye duka Tandika "huyu mpe mzigo, atalipa", shemeji anatoa mzigo. Benki haiwezi kukuandikia barua yenye nguvu hiyo.

Wengine huchanganya kikoba na mchezo wa kijumbe. Mchezo ni mzuri kwa kununua friji: zamu yako ikifika unapewa chako na hadithi imeisha. Hauna mkopo, hauna daftari la hisa, na mara nyingi wachezaji wanamjua kijumbe tu, wao kwa wao hawajuani. Kwa kujenga jina la biashara hauna msaada mkubwa. Kikoba chenyewe chimbuko lake ni Niger, ambako shirika la CARE lilianzisha vikundi vya namna hii mwaka 1991, na kwetu kimezoeleka kiasi kwamba wengi wanaamini kilizaliwa Manzese.

*Faida inaanza lini.* Mkopo, ndani ya miezi michache. Jina, baada ya mzunguko mmoja kamili, yaani mwaka. Kuna na milango miwili ambayo wengi hawaifungui. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, na usajili unapitia halmashauri. Kikundi chenye usajili, kikiwa cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, kinaweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu), iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Mlango wa pili ni zabuni: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, nayo maombi yanafanyika kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni. Kikoba ambacho hakijawahi kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata kimeiacha milango yote miwili.

*Panapouma.* Mtu anakopa, anahama usiku, na wale wanne waliomdhamini wanabaki kuangaliana. Kuna na maumivu ya kimyakimya: wanakikundi wanakuwa wateja wako kwa kuoneana haya. Wanachukua kopo la siagi, wanasema "nitakupa Jumapili", na Jumapili kikaoni huwezi kumdai mwenzio mbele za watu. Biashara ikishategemea wateja wa aina hiyo, huwezi tena kujua kama bidhaa yako ni nzuri au unapendwa tu.

*Anayefaidika zaidi.* Anayeanza, asiye na dhamana ya benki, na mwenye biashara inayozunguka haraka kiasi cha kulipa marejesho bila kugusa hela ya ada za watoto.

2. Chama rasmi cha wafanyabiashara

Vipo vingi na havifanani. TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, ilianzishwa 1988 na ina ofisi mikoani. TWCC ni chemba ya wanawake wafanyabiashara, ya mwaka 2005. CTI ni shirikisho la wenye viwanda, na sehemu kubwa ya mijadala yake itakuwa juu ya kichwa cha mtu mwenye mashine moja ya kusaga. Kisha kuna vyama vya fani na jumuiya za masoko, kama ile ya wafanyabiashara wa Kariakoo. SIDO si chama, ni shirika la serikali lililoundwa kwa sheria ya 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lakini naliweka hapa kwa sababu ofisi zake za mikoa zinafanya kazi ambayo wengi wanaitafuta kwenye chemba: mafunzo, mashine, na barua ya utambulisho ambayo msindikaji mdogo huombwa anapokwenda TBS.

*Watu.* Wahasibu, wanasheria, mawakala wa forodha, wenye viwanda vya kati, maafisa wa benki na wa TRA wanaoalikwa kutoa mada. Hawa ndio watu wa mbali niliowasema. Mama wa karanga hatakutana na wakala wa forodha kwenye kikoba hata akikaa miaka kumi.

*Gharama.* Kiingilio na ada ya mwaka, zikitegemea chama na ukubwa wa biashara. Kabla ya hapo kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye fomu: biashara yenyewe lazima iwe na karatasi. Jina lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi, leseni. Halafu nauli ya kwenda mjini na nusu siku ambayo mashine imezimwa.

*Uaminifu.* Ni wa karatasi. Hakuna anayejua kama unalipa madeni, lakini barua ya chemba inakubalika pale ambapo neno la mwanakikoba halifiki: benki, ubalozini, kwa mnunuzi wa nje. TCCIA ndiyo inayotoa vyeti vya uasili wa bidhaa kwa wanaouza nje. Hapa naomba usikimbilie kujiunga kwa sababu hiyo peke yake. Kama unavusha mzigo mdogo kwenda Kenya kupitia Namanga au Holili, bidhaa iko kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000, utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unakupa cheti chepesi hapohapo mpakani.

*Faida inaanza lini.* Polepole. Anayelipa ada na kukaa kiti cha nyuma anaweza kumaliza mwaka bila kupata kitu zaidi ya chai na vitumbua. Wanaofaidika ni wanaoingia kwenye kamati, hata ile ya kuandaa mkutano mkuu, kwa sababu kazi ya kamati inakulazimisha kupigiana simu na watu ambao usingethubutu kuwapigia.

*Panapouma.* Siasa za uongozi, hasa uchaguzi unapokaribia. Na kukaa na wakubwa kuna kishawishi chake: mtu anaanza kuvaa na kutumia kama wao wakati mauzo yake bado ni ya maduka manne.

*Anayefaidika zaidi.* Mwenye biashara iliyosajiliwa inayotaka kutoka mtaani, na yeyote anayeumia kwa kanuni au kodi na hawezi kupaza sauti peke yake. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia utaratibu wa kodi, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Mwenye duka mmoja angefunga duka lake wiki nzima na asiulizwe hata na mpangaji mwenzake. Kwa kazi ya kusemewa, zile njia nyingine tatu hazina uwezo.

3. Maonesho

*Watu.* Kila mtu, na hapo ndipo kazi ilipo. Sabasaba, inayoandaliwa na TanTrade kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, kwa kawaida huanza 28 Juni na kuisha 13 Julai. Katika siku hizo banda lako litapitiwa na familia zilizokuja kutembea, wanafunzi wanaokusanya vipeperushi, washindani waliokuja kusoma lebo yako, na katikati yao mnunuzi wa supamaketi au wakala wa mkoani ambaye hajavaa alama yoyote ya kumtambulisha. Nane Nane ni ndogo zaidi kwa kila uwanja, iwe Nzuguni Dodoma, John Mwakangale Mbeya au Themi Arusha, lakini kwa mtu wa karanga ina faida ya pekee: wakulima wenyewe wako pale. Sabasaba utampata mnunuzi, Nane Nane utampata anayekuuzia gunia. Wasindikaji wengi wanafikiria la kwanza tu.

*Gharama.* Hii ndiyo njia ghali kuliko zote kwa mkupuo. Banda, usafiri wa mzigo, msaidizi, chakula, sampuli za kuonjesha ambazo hazirudi. Na nyumbani uzalishaji umesimama. Nafuu iko kwenye mabanda ya pamoja: SIDO, TWCC na baadhi ya halmashauri hupeleka wajasiriamali chini ya mwavuli wao, na mtu anaishia kulipia meza badala ya banda zima, au kuchangia kidogo.

*Uaminifu.* Unajengwa kwa kuonja na kuona. Mteja anafungua kopo, ananusa, anauliza limekaa muda gani. Dakika tano. Baada ya hapo mmebadilishana namba, na kesho yake ameonja siagi ya mwingine kwenye banda la tatu kutoka kwako. Bila alama ya TBS, mnunuzi wa supamaketi atakusifia sana na hatakupigia.

*Faida inaanza lini.* Mauzo ya rejareja, siku ileile. Oda za jumla, kama zitakuja, zinakuja wiki mbili hadi miezi mitatu baadaye, na zinakuja kwa aliyefuatilia. Nimesimama nyuma ya meza za watu wengi, na tofauti naiona kwenye daftari. Kuna anayeandika "Juma 0754…" basi. Wiki mbili baadaye ana Juma wanne na hakumbuki yupi ni wa duka na yupi alitaka kazi. Mwingine amechora mistari mapema: jina, anatoka wapi, ana duka au wakala au mnunuzi wa nyumbani, alionja ipi, aliuliza bei ya katoni ngapi, nimpigie lini. Jioni, kabla ya kufunga banda, anatuma ujumbe kwa wale wa katoni tu, akiwatajia kile walichoulizia: "Ulionja ile yenye asali, katoni ya makopo 12." Mali bila daftari hupotea bila habari, na namba ya simu nayo ni mali.

*Panapouma.* Kuuza sana na kutojenga kitu. Mtu anarudi nyumbani na hela mkononi, amefurahi, halafu Agosti anakuta maduka yake manne yamehamia kwa mwingine kwa sababu siku zote zile hakuna aliyepeleka mzigo. Na jingine: oda kubwa kuliko uwezo. Mnunuzi akitaka katoni mia mbili kwa wiki na wewe unasaga kwa mashine moja, ukikubali unajiharibia jina mbele ya mtu uliyemtafuta kwa gharama zote hizo.

*Anayefaidika zaidi.* Mwenye bidhaa ya kuonjwa, kushikwa au kuvaliwa, iliyo tayari: lebo, kifungashio, bei ya rejareja na ya jumla, na akiba ya mzigo. Anayeuza huduma, kama mhasibu au fundi umeme, ataona watu wengi na wateja wachache.

4. Makundi ya WhatsApp

*Watu.* Wa fani yako, popote walipo. Tangu 2022 kundi moja linaweza kubeba watu 1,024, kwa hiyo kundi la wasindikaji linaweza kuwa na mtu wa Songea, wa Kahama, na Mtanzania aliyeko Muscat anayetafuta viungo vya nyumbani. Hakuna chama kinachokukutanisha na watu wa mbali kiasi hicho ukiwa umekaa jikoni.

*Gharama.* Bando. Na umakini wako, ambao ni ghali kuliko unavyofikiri. Saa kumi na moja alfajiri maua na "asubuhi njema wapendwa" yameshaanza, saa mbili kuna mjadala wa mpira, na katikati ya ujumbe mia mbili kuna mmoja uliokuwa wako: "Nani ana mashine ya kukaanga karanga kilo 50, naiuza." Ukiuona jioni imeshauzwa.

*Uaminifu.* Sifuri mwanzoni. Picha ya bidhaa inaweza kuwa ya mtu mwingine, na namba inaweza kuwa ya wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kinachosaidia ni admini mkali: anayehakiki watu kabla ya kuwaingiza, anayeondoa matapeli hadharani, anayeweka siku moja ya matangazo ili siku nyingine zibaki za kazi. Kundi la watu themanini lenye admini wa hivyo nalithamini kuliko la elfu moja lisilo na mwenyewe. Anza na mizigo midogo, lipia inapofika au mtumie mtu unayemwamini mkoani akague kabla haijapakiwa kwenye basi.

*Faida inaanza lini.* Taarifa, siku ya kwanza: bei ya gunia Dodoma, duka lenye makopo, wapi umeme umekatika. Wateja huchukua muda zaidi, na huja kwa anayejibu maswali ya wenzake kuliko anayebandika tangazo lilelile kila asubuhi. Ukimweleza mtu vizuri kwa nini siagi yake inatoa mafuta juu, kuna wengine hamsini wamesoma jibu lako kimyakimya.

*Panapouma.* Unaweza kuwa kwenye makundi mwaka mzima ukajihisi una mtandao mkubwa, na siku ya shida usipate mtu hata mmoja wa kumpigia.

*Anayefaidika zaidi.* Aliye mbali na mji, mwenye mtoto mchanga au kazi ya ajira mchana, na yeyote anayetafuta malighafi au bei kuliko mtaji.

Sasa uchague vipi

Kwa nguvu za mtu mmoja, njia mbili kwa wakati mmoja zinatosha, na ningependa ziwe za aina tofauti: moja ya watu wa karibu, moja ya watu wa mbali. Vikoba viwili ni njia moja iliyolipiwa mara mbili.

Kama ndiyo unaanza na huna mtaji, anza na kikoba kilichosajiliwa na ongeza kundi moja la WhatsApp la fani yako. Chemba isubiri hadi uwe na leseni mkononi. Maonesho nayo yasubiri, labda uende kama mtazamaji, ulipe kiingilio tu, uonje siagi za wenzako na kusoma lebo zao.

Kama mtaji upo na bidhaa iko tayari ila wateja ni walewale, tafuta meza kwenye banda la pamoja. Maonesho ya SIDO ya kanda au Nane Nane ya karibu yatakugharimu kidogo na utajifunza hukohuko kuongea na mnunuzi wa jumla. Sabasaba ije baada ya hapo.

Kama wateja wapo na tatizo ni malighafi au vifungashio, usilipe ada ya chama chochote kwanza. Makundi ya fani, na safari moja ya Nane Nane kwenye mkoa unakolimwa unachonunua, vitakupa majina ya kutosha.

Kama unataka kuuza nje, kuingia supamaketi au kuomba zabuni, utahitaji karatasi, na karatasi ziko upande wa SIDO, TBS na chemba. Wanawake walio katika hatua hii wapime TCCIA na TWCC kwa kuhudhuria mkutano mmoja wa kila upande kabla ya kulipa. Sikiliza wanaongelea nini wakati wa chai, maana ajenda za mezani zinafanana.

Kama kinachokuumiza ni kodi, ushuru au kuhamishwahamishwa, nenda kwenye jumuiya ya soko lako au chama cha fani, hata kama ni kidogo na katibu wake anaandika kumbukumbu kwenye daftari la shule.

Na kama uko kwenye ajira na biashara ni ya jioni, kikao cha kila wiki kitakushinda na faini zitakula hisa zako. Tafuta kikoba kinachokutana mara moja kwa mwezi, vipo, hasa vya wafanyakazi wa ofisi moja. Uliza kabla ya kujiunga kama kina katiba iliyoandikwa, marejesho yanacheleweshwa na watu wangapi kwa sasa, na nani anashika funguo. Wakisita kujibu la pili, aga kwa heshima utafute kingine.